Algoriti za Kulinda Habari: Kwa Nini Hazina Budi Kubadilishwa

Mtu asimamaye karibu na daraja la Rusumo, katika Wilaya ya Ngara, huona malori yakipanga foleni kuingia Rwanda. Mengi yametoka bandari ya Dar es Salaam, mwendo unaozidi kilomita 1,200, na kabla ya kufika hapo yamepita Nyakanazi na Lusahunga katika Wilaya ya Biharamulo. Mlangoni mwa kila kontena huning'inia lakiri yenye namba. Lakiri hiyo haifichi kitu, wala haina nguvu ya kumzuia mwizi mwenye mkasi wa chuma. Kazi yake ni kuonyesha kama mlango umefunguliwa tangu siku ulipofungwa. Kuficha mzigo ni kazi ya kuta za kontena. Kuuzuia usichukuliwe ni kazi ya kufuli. Na kueleza mzigo ni wa nani ni kazi ya hati zenye saini.

Siku hizi hati hizo hutangulia lori. Tangu mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia Himaya Moja ya Forodha, taarifa za mzigo husafiri kwa kompyuta kutoka mamlaka ya mapato ya nchi moja hadi ya nchi nyingine, na tangu mwaka 2016 kituo cha Rusumo huhudumia wasafiri wa pande mbili kwa kusimama mara moja tu. Taarifa hizo hupita katika nyaya, minara na mitambo ya watu wengi. Je, ujumbe usioshikika kwa mkono hutiwa lakiri gani? Kufuli yake ni ipi?

Jibu ni hesabu. Zipo kanuni za hesabu, ziitwazo algoriti, zinazofanya kazi ya kuta, kufuli, lakiri na saini. Waandishi wa programu hawazitungi upya kila mara. Huzichukua katika maktaba ya programu, kama fundi achukuavyo kifaa katika sanduku lake. Katika makala haya tutaeleza algoriti kuu zilizomo katika maktaba hizo, kisha tutaeleza kwa nini maktaba iliyo bora ni ile ambayo algoriti zake zaweza kutolewa na kuwekwa nyingine.

Siri ikae katika ufunguo

Njia ya zamani ya kuficha maandishi ni kuhamisha herufi. Tukihamisha kila herufi hatua tatu mbele katika alfabeti ya kimataifa yenye herufi 26, NGARA huwa QJDUD. Njia hii husemekana ilitumiwa na Julius Caesar wa Roma. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, kuna hatua 25 tu za kujaribu. Pili, herufi zinazorudiwa hujitangaza: D imetokea mara mbili katika QJDUD, na yeyote ajuaye kwamba A ndiyo herufi itumikayo zaidi katika Kiswahili atakisia mara moja kwamba D ni A. Mwanazuoni al-Kindi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, alieleza kwa maandishi jinsi ya kufumbua siri kwa kuhesabu herufi hivyo.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyefanya kazi Ufaransa, aliweka kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa elimu hii: mfumo wa siri sharti ubaki salama hata kama adui anaujua wote, isipokuwa ufunguo. Kwa maneno mengine, algoriti ijulikane na wote, ichunguzwe na wote. Siri iwe ufunguo peke yake. Sababu yake ni rahisi. Ufunguo ukiibwa hubadilishwa kwa dakika moja. Algoriti iliyojengwa ndani ya mamilioni ya mitambo, ikigunduliwa kuwa mbovu, huchukua miaka kubadilishwa.

Mfano upo karibu nasi. Simu za mkononi za kizazi cha pili, ambazo ndizo zilizotangulia kufika vijijini mwetu, zilifunga mazungumzo kwa algoriti iitwayo A5/1, iliyobuniwa mwaka 1987 na kuwekwa siri. Mwaka 1999 muundo wake wote ulifichuliwa kwa kuchunguza simu yenyewe, na wataalamu walipoutazama waliona udhaifu mwingi. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 64, lakini mara nyingi biti 10 kati ya hizo ziliachwa kuwa sifuri, hivyo zikabaki 54. Simu za kizazi cha nne zilifuata njia nyingine: zina algoriti tatu za kuficha, zote zimetangazwa hadharani, na simu na mnara huelewana ni ipi itumike. Msomaji aukumbuke mpango huo wa kuchagua, maana tutaurudia.

Algoriti za ufunguo mmoja

Aina ya kwanza ya algoriti hutumia ufunguo mmoja wa kufunga na kufungua. Katika aina hii, DES ilitawala kwa muda mrefu. Ilitangazwa kuwa kiwango cha Serikali ya Marekani mwaka 1977, ikiwa na ufunguo wa biti 56. Idadi ya funguo zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 56, yaani zaidi ya milioni bilioni 72. Mwaka 1977 idadi hiyo ilionekana kuwa kubwa sana. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilijenga mashine maalumu kwa gharama isiyofika dola 250,000, nayo ikaupata ufunguo wa DES kwa muda wa saa 56.

Mahali pake pamechukuliwa na AES, iliyotokana na mashindano ya wazi yaliyotangazwa mwaka 1997. Algoriti 15 zilikubaliwa kushindanishwa, na wataalamu wa dunia nzima wakaalikwa kuzivunja. Iliyoshinda mwaka 2000 ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na ikawa kiwango rasmi mwaka 2001. Ufunguo wake ni wa biti 128, 192 au 256.

Tofauti kati ya biti 56 na biti 128 yafaa ihesabiwe darasani. Tuseme mashine hujaribu funguo trilioni moja kwa sekunde. Funguo zote za DES zingekwisha kwa muda wa saa 20 hivi. Funguo zote za AES ya biti 128 zingehitaji miaka ipatayo 10 kwa kipeo cha 19, nao ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 14 tu, yaani 1.4 mara 10 kwa kipeo cha 10. Kila biti moja inayoongezwa huongeza kazi ya mvunjaji mara mbili.

Hata hivyo, algoriti imara yaweza kutumiwa vibaya. AES hukata habari katika vipande vya herufi 16 na kukifunga kila kipande. Tuchukue orodha ya watu ambayo kila mstari huanza na maneno WILAYA YA NGARA au WILAYA YA BIHARAMULO. Maneno ya kwanza, pamoja na nafasi moja inayofuata, ni herufi 16 kamili. Ya pili hukatwa kuwa WILAYA YA BIHARA na salio. Tukikifunga kila kipande peke yake, mtindo uitwao ECB, basi kipande cha Ngara hutoa fumbo lile lile kila kinapotokea, na cha Biharamulo fumbo lake. Mtu asiye na ufunguo hataweza kuyasoma mafumbo, lakini ataweza kuhesabu ni wangapi wametoka upande huu na wangapi upande ule. Ikiwa orodha hiyo ni ya wagonjwa au ya wapiga kura, tayari siri imetoka.

Kwa sababu hiyo hutumiwa mitindo mingine. Katika mtindo wa GCM, kila ujumbe huchanganywa na namba ya kutumiwa mara moja tu, hivyo maneno yale yale hutoa mafumbo tofauti. Zaidi ya hayo, GCM huzalisha alama ndogo inayoonyesha kama fumbo limeguswa njiani. Hapo kontena na lakiri vimefungwa kwa tendo moja. Sharti lake ni kwamba namba ile isirudiwe kamwe kwa ufunguo ule ule. ChaCha20-Poly1305 hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine, nayo hufaa hasa katika vifaa ambavyo havina sehemu maalumu ya kuharakisha AES.

Muhtasari wa habari

Aina ya pili haifichi kitu. Huchukua habari ya urefu wowote, hata kitabu kizima, na kutoa namba ya urefu maalumu, ambayo hapa tutaiita muhtasari. Habari ikibadilishwa herufi moja tu, muhtasari hubadilika wote. Aidha, haiwezekani kivitendo kurudi kutoka katika muhtasari hadi habari yenyewe, wala kutafuta habari mbili zenye muhtasari mmoja.

Algoriti ya MD5 ilitolewa mwaka 1991. Mwaka 2004 wataalamu wa China wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha habari mbili tofauti zenye muhtasari mmoja wa MD5. Tangu hapo haifai tena kuwa lakiri. Ndugu yake SHA-1, ya mwaka 1995, ilianguka mwaka 2017, pale watafiti wa Amsterdam na kampuni ya Google walipotengeneza hati mbili tofauti zenye muhtasari mmoja. Zinazoaminika leo ni jamii ya SHA-2, ambamo imo SHA-256, na SHA-3 iliyokuwa kiwango rasmi mwaka 2015.

Kwa kuwa kila mtu aweza kukokotoa muhtasari, mwizi abadilishaye habari aweza pia kubadilisha muhtasari wake. Kwa hiyo zipo algoriti, kama vile HMAC, zinazochanganya muhtasari na ufunguo wa siri.

Maneno ya siri, yaani yale tunayoyaandika ili kuingia katika kompyuta, yana algoriti zao wenyewe: PBKDF2, bcrypt na Argon2. Hizi zimefanywa kuwa nzito kwa makusudi. Mwenye neno la siri halali hucheleweshwa sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini mwizi anayetaka kujaribu maneno milioni mia moja hucheleweshwa kwa kila neno.

Algoriti za funguo mbili

Ufunguo mmoja una tatizo la zamani: utaufikishaje kwa mwenzako aliye mbali bila mtu wa katikati kuuona? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha njia ya watu wawili kukubaliana ufunguo hadharani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakatunga RSA, yenye ufunguo wa wazi unaotangazwa kwa wote na ufunguo wa siri ambao haumtoki mwenyewe.

Mwanafunzi aweza kuifanya RSA kwa kalamu na karatasi. Chagua namba tasa mbili, tuseme 3 na 11. Zao lake ni 33. Toa moja katika kila namba tasa kisha zidisha: 2 mara 10 ni 20. Sasa tafuta namba mbili ambazo zao lake, likigawanywa kwa 20, hubakiza 1. Namba 3 na 7 zafaa, kwa kuwa 3 mara 7 ni 21. Tangaza 33 na 3 kuwa ufunguo wa wazi, ficha 7.

Tuseme muhtasari wa hati yako ni 4. Ili kuitia saini, kokotoa 4 kwa kipeo cha 7, ambayo ni 16,384, kisha gawanya kwa 33: baki ni 16. Hiyo 16 ndiyo saini. Anayeipokea hati huchukua 16 kwa kipeo cha 3, ambayo ni 4,096, hugawanya kwa 33, na baki ni 4. Akiona 4 ni sawa na muhtasari wa hati aliyo nayo, hujua kwamba hati haikubadilishwa na kwamba imetoka kwa mwenye ufunguo wa siri. Hakuhitaji kuijua 7.

Nguvu ya RSA ni ugumu wa kurudi kutoka katika zao hadi vigawo vyake. Kuona kwamba 33 ni 3 mara 11 ni kazi ya darasa la tano. Lakini zao litumikalo leo huwa na biti 2,048 au zaidi, yaani tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kupata vigawo vya namba ya tarakimu 250, kazi ambayo kichakato kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka ipatayo 2,700. Algoriti nyingine za funguo mbili hutumia mikunjo ya duaradufu, wazo lililotolewa mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller kila mmoja kwa njia yake; ufunguo wa biti 256 wa aina hii huhesabiwa kuwa imara kuliko wa RSA wa biti 2,048.

Saini za namna hii hazitumiki ughaibuni tu. Mzazi wa Biharamulo anapolipa ada kwa simu akitumia namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, ujumbe unaobadilishwa kati ya benki au kampuni ya simu na mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017, hutiwa saini ya kidijitali. Bila saini hiyo, mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kuuarifu mfumo kwamba deni limelipwa.

Tochi na mawe yake

Msomaji ameona kwamba tumetaja algoriti nyingi, na kwamba baadhi yake zimekwisha kuanguka. Hapo ndipo umuhimu wa muundo wa maktaba unapoonekana.

Tuifikirie tochi. Betri zake, ambazo wengi wetu huziita mawe, zina umbo na nguvu ya kiwango kimoja. Kiwanda chochote kikifuata kiwango hicho, mawe yake huingia katika tochi yoyote ya aina hiyo. Mawe yakiisha, hutupi tochi. Maktaba iliyo bora ya usimbaji imejengwa hivyo. Programu yako ndiyo tochi. Algoriti ndizo mawe. Na watoaji wa algoriti ndio viwanda.

Lugha ya programu iitwayo Java ina muundo huu tangu mwaka 1997. Mwandishi wa programu haandiki hesabu za AES. Hutaja jina, kwa mfano AES/GCM/NoPadding, na maktaba hutafuta miongoni mwa watoaji waliosajiliwa ni yupi aliye nayo. Jina hilo lina sehemu tatu: algoriti, mtindo, na namna ya kujaza kipande kisichotimia. Watoaji wengine huja pamoja na Java yenyewe. Wengine huongezwa, kama vile Bouncy Castle, uliotoka Australia mwaka 2000. Maktaba ya OpenSSL, itumikayo katika kompyuta nyingi zinazohudumia intaneti, ilipokea mpango wa watoaji katika toleo lake la 3.0 la mwaka 2021.

Je, tutajuaje kwamba mawe ya kiwanda hiki ni sawa na ya kile? Kwa majaribio yaliyotangazwa. Muhtasari wa SHA-256 wa herufi abc huanza na ba7816bf. Mtoaji yeyote, katika kompyuta yoyote, asiyepata jibu hilo amekosea. Mwalimu aliye na kompyuta aweza kulifanya jaribio hili mbele ya wanafunzi, na somo lake ni kubwa: usalama unaotokana na kanuni zilizo wazi waweza kukaguliwa na mtu yeyote.

Muundo huu una mitego yake, nayo ni lazima itajwe. Wa kwanza ni chaguo la kimya. Mwandishi akiiambia Java AES pekee, bila kutaja mtindo, mtoaji wake wa kawaida humpa ECB, ule mtindo tuliouona ukiwatenganisha watu wa Ngara na wa Biharamulo bila ufunguo. Programu itafanya kazi, haitatoa onyo, na mwandishi ataamini kwamba amefunga mlango.

Mtego wa pili ni kuacha mawe yaliyokwisha ndani ya tochi. Kila mwenye tochi anajua kwamba mawe hayo huvuja na kuiharibu. Katika miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kuuza nje programu zenye funguo imara, hivyo zikatengenezwa algoriti dhaifu kwa ajili ya nchi nyingine. Sheria zililegezwa, lakini algoriti zile zikaachwa ndani ya maktaba. Mwaka 2015 watafiti walionyesha, katika shambulio walilolipa jina la Logjam, kwamba mtu wa katikati aliweza kuzishawishi kompyuta mbili zitumie ufunguo dhaifu wa biti 512 ambao hakuna aliyeuhitaji tena. Kwa hiyo kuongeza algoriti mpya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiondoa ya zamani.

Mtego wa tatu mwandishi wa makala haya aliuona mwenyewe. Katika shule moja ya sekondari alionyeshwa programu ya kutunzia alama za wanafunzi, iliyoandikwa na kijana hodari aliyekwisha kuhama. Maneno ya siri ya walimu yalitunzwa kwa MD5, nalo jina la MD5 lilikuwa limeandikwa mahali pengi katika programu, kila mahali kwa namna yake. Kuibadilisha kulimaanisha kuiandika programu upya, na hakukuwa na mtu wa kuiandika. Mawe yalikuwa yameungwa kwa risasi ndani ya tochi. Kijana yule angeliandika jina la algoriti mahali pamoja tu, na pembeni mwa kila muhtasari akaandika ni algoriti gani iliyoutoa, kazi ya kubadilisha ingekuwa ya siku chache.

Umri wa algoriti na umri wa mtu

Mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikazaliwa katika Wilaya ya Ngara. Waliopotezana na jamaa zao waliandikiana kwa fomu za Msalaba Mwekundu. Fomu hizo hazifungwi katika bahasha. Kila anayezipitisha aweza kuzisoma, ndiyo maana hubeba habari za jamaa peke yake. Huo nao ni ulinzi: kutoandika kisichopasa kuonekana.

Mambo ya leo ni tofauti. Mashirika yanayohudumia wakimbizi huandikisha watu kwa alama za vidole na mboni za macho, na tangu mwaka 2019 laini za simu nchini mwetu husajiliwa kwa alama za vidole. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Mtoto anayeandikishwa leo akiwa na miaka kumi aweza kuishi miaka sitini zaidi, na katika muda wote huo habari zake zaweza kumdhuru zikifika mikononi mwa anayemtafuta.

Sasa tuhesabu. DES ilidumu miaka 21 tangu kutangazwa hadi kuvunjwa na mashine ile ya mwaka 1998. MD5 ilidumu 13. SHA-1 ilidumu 22. Algoriti hizo zote ziliishi muda mfupi kuliko mtoto huyo atakavyoishi. Tena, mwizi mwenye subira aweza kunakili fumbo leo na kulitunza hadi siku algoriti yake itakapoanguka.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka ule ule wa 1994, Peter Shor wa Marekani alitoa njia ambayo kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa vya kutosha, itapata vigawo vya namba kubwa kwa haraka, na hivyo kuivunja RSA pamoja na algoriti za mikunjo. AES yenye ufunguo wa biti 256 haitishwi na njia hiyo. Mashine kubwa kiasi hicho haijajengwa, lakini maandalizi yamekwisha kuanza. Mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza viwango vitatu vipya: ML-KEM ya kukubaliana ufunguo, na ML-DSA na SLH-DSA za kutia saini. Mwaka 2025 Java 24 ilipokea mbili za kwanza, na OpenSSL 3.5 ikazipokea zote tatu. Programu zilizojengwa kwa mfano wa tochi zitabadilisha mawe. Zile zilizoungwa kwa risasi zitabaki nyuma, pamoja na watu ambao habari zao zimo ndani.

Walimu hawana haja ya kungoja maabara ya kompyuta ili kufundisha mambo haya. Namba tasa, vipeo, mabaki na logi zimo katika mihtasari ya hisabati. Kinachohitajika ni kuwaonyesha wanafunzi kwamba hesabu hizo ndizo lakiri ya malori ya Rusumo na kufuli ya habari zao wenyewe. Nao watakaokuja kuandika programu waanze na swali ambalo fundi wa tochi hujiuliza kabla ya kuifunga: je, atakayeishika baada yangu ataweza kuifungua na kubadilisha mawe?

Maswali ya kujipima

1. Fumbua neno ELKDUDPXOR. Eleza ni herufi gani iliyokupa dalili ya kwanza.

2. Kwa kutumia ufunguo wa wazi wa 33 na 3, umepokea hati mbili zenye saini moja, 14. Muhtasari wa hati ya kwanza ni 5, na wa pili ni 6. Hati ipi ni halali?

3. Ufunguo una biti 40, na mashine hujaribu funguo milioni moja kwa sekunde. Funguo zote zitakwisha kwa siku ngapi?

4. Orodhesha habari tano ambazo shule yenu huzitunza kuhusu mwanafunzi. Kila moja yapasa kubaki siri kwa miaka mingapi, na kwa nini?